Harusi ya Dada Asiyekuwepo

Shuleni kwetu kuna kibao. Ni kipande cha mbao ukubwa wa daftari, kimetobolewa matundu mawili na kupitishwa kamba ya katani. Anayesikika akiongea Kiswahili, au Kihangaza cha nyumbani kwetu, ndani ya uzio wa shule anavishwa shingoni, naye anakaa nacho mpaka amnase mwingine. Jioni mwalimu wa zamu anauliza, "Kibao kiko kwa nani?" na mwenye nacho anabaki kufagia madarasa yote. Kwa hiyo mwenye kibao hutembea siku nzima nyuma ya watu, taratibu, kama paka aliyesikia harufu ya dagaa. Anasubiri mtu ajikwae kwenye jiwe, maana hakuna anayejikwaa kwa Kiingereza.

Sehemu kubwa ya mwaka wangu wa kidato cha tatu kibao hakikunigusa. Sababu ni kwamba nilikuwa siongei. Siyo Kiswahili, siyo Kihangaza, siyo hicho Kiingereza chenyewe. Mimi ni mtu wa haya. Nikiitwa darasani masikio yanapata moto, na nikijibu, sauti inaishia kwenye kola ya shati. Nyumbani kwetu Kirushya wameshazoea. Bibi huwaambia wageni kwamba mimi niliyamaliza maneno yangu huko nilikotoka kabla ya kuzaliwa.

Basi asubuhi moja mstarini mwalimu wa Kiingereza aliniita mbele. Akaiambia shule nzima kwamba ametazama daftari la kibao tangu mwaka uanze, na ni mwanafunzi mmoja tu ambaye jina lake halimo. Akasema hiyo ndiyo tabia ya mtu aliyekwisha kuimeza lugha. Kwa hiyo, kuanzia wiki ile, nitawasaidia kidato cha pili kila siku baada ya vipindi, kwa kuwa mtihani wao wa taifa umekaribia na yeye ana madarasa mengi kuliko mikono.

"Una la kusema?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

"Mmeona?" akawageukia wenzangu. "Mwenye lugha hana haraka."

Kwenye mstari wa kidato cha pili kuna mtu alikuwa anacheka mpaka ameshika magoti. Alikuwa mdogo wangu, binti wa mama mdogo, tunayelala naye chumba kimoja. Yeye ndiye mtu pekee shuleni aliyeujua ukweli wote, na ndiye aliyekuwa na la kupoteza kuliko wote.

Mama mdogo ana kibanda cha chakula Lusahunga, pale malori ya kwenda mpakani Rusumo yanapopumzika. Alimleta binti yake kwetu ili asome mbali na honi. Mwaka uliotangulia binti akaanguka mtihani wa kidato cha pili. Kwa kuwa hata Jiografia na Biolojia zinaulizwa kwa Kiingereza, aliangukia Kiingereza akaangusha na milima na panzi. Ukianguka mara ya kwanza unarudia darasa. Ukianguka mara ya pili, unaaga. Mama mdogo alilisema hilo kwa simu, kwa sauti kubwa mpaka mimi niliyekaa kitandani nikasikia: "Akianguka tena arudi huku aoshe sahani. Sahani hazina kidato."

Naye hakutaka sahani. Alitaka kuwa mtu wa forodha. Alipokuwa mdogo alipelekwa mpakani mara moja, akamwona mama mmoja mwenye shati jeupe akiinua kidole, na lori zima na tela lake likasimama. "Kidole kimoja, dada," huniambia. "Hata hakufoka." Nadhani mimi ningeipenda kazi hiyo kuliko yeye.

Siku ya kwanza nilipoingia kwenye kile chumba tunachokiita maabara, ambacho bado kinasubiri kuletewa chupa za kupimia, walisimama wote wakanisalimu kwa Kiingereza kwa sauti moja, wakaniita madamu. Nilikuwa nimevaa sketi kama zao. Nikafanya jambo pekee nililoliweza, nikawageuzia mgongo na kuanza kuandika ubaoni.

Niliandika barua. Ilikuwa yangu mwenyewe, niliyoitunga kidato cha pili na kupata alama zote: barua ya kumwalika rafiki kwenye harusi ya dada yangu. Sina dada. Lakini ndani ya barua nilikuwa naye, na nilimfanyia harusi nzuri. Ndoa ilifungwa parokiani. Baba alichinja ng'ombe mwenye pembe moja iliyovunjika. Wazee walikunywa urwagwa, pombe yetu ya ndizi, mpaka wakaimba. Na mimi nilikuwa mpambe wa bibi harusi, nimevaa gauni la njano lenye utepe kiunoni. Nikamaliza, nikachora mstari, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: KARIRI.

Wakanakili. Hakuna aliyenong'ona. Mwalimu alipita dirishani, akaona darasa zima limeinama na mimi nimesimama na chaki kama sanamu. Kesho yake akanisifu kwa walimu wenzake: hata wao hawajawahi kupata utulivu ule. Moyoni nikajisikia mwalimu kweli.

Kukariri kwetu si kazi ya kichwa kimoja. Watoto wengi hapa wamekulia kwenye jumuiya za kanisa, wanajua litania. Kwa hiyo mmoja aliongoza sentensi na wengine wakaimalizia, jioni baada ya jioni, mpaka barua ikawa na sauti yake, inapanda kwenye ng'ombe na kushuka kwenye gauni. Kulikuwa na kijana mmoja wa bweni, wazazi wake ni watu wa asili ya pwani wenye duka la vitenge mjini Ngara. Nilimwogopea kwamba litania ingemshinda. Yeye ndiye aliyeiweza kuliko wote.

"Madrasa tunahifadhi hivihivi," alinieleza. "Maana inakuja baadaye, taratibu."

Nikamwandikia kwenye daftari lake: Vizuri sana.

Aliyeshindwa ni mdogo wangu. Alifika sentensi ya pili akasimama kama mbuzi aliyeona daraja. Jioni nyumbani tulikaa tukimenya ndizi, mimi na daftari gotini, yeye na kisu.

"Dada, huyu bibi harusi ni nani?"

"Ni dada."

"Dada gani? Si ndiyo wewe?"

"Ni wa kwenye barua."

"Haya. Anaolewa na nani?"

"Haijalishi. Endelea."

"Haijalishi! Watu wamechinja ng'ombe na mkwe hawamjui?"

Bibi akaitikia kutoka jikoni, "Eee, mwana wanje, mwanangu, hilo swali lako ni zito."

"Mtihani hauji kukagua nyumbani kwenu," nikamwambia. "Wewe kariri tu."

"Sasa nikariri uongo ambao sijaumaliza kuusikia?"

Tuliendelea hivyo. Tukifika kwa ng'ombe anauliza pembe ilivunjikaje. Tukifika kwenye gauni anataka kujua nani amelishona, na kwa nini njano, wakati gauni la bibi harusi mwenyewe halikutajwa. Siku moja, kwa kunichokoza, aliniigizia jinsi anavyowahudumia madereva kwa mama yake. Wengine wanatoka mbali sana, Kiswahili chao kinaishia kwenye chai. Basi akasimama na kisu mkononi, akaanza kuongea Kiingereza chake cha barabarani: karibu bosi, samaki wa leo, wa jana nimempa paka, hapana bosi, hiyo bei ni ya kichwa cha samaki, mwili unaongeza. Kilikuwa kimevunjika kila kiungo, lakini kilitembea. Bibi, ambaye hajui neno la Kiingereza hata moja, alielewa kwamba samaki hajapunguzwa bei.

Mimi nilimkatisha. Nilimwambia Kiingereza hicho hakimo kwenye silabasi, na akikizoea kitamharibia mtihani. Naandika jambo hili kwa aibu, lakini ndivyo nilivyosema: mimi nisiyeongea nilimkataza kuongea mtu anayeongea, ili afaulu lugha.

Ukaja mtihani wa majaribio. Swali la barua halikuwa la harusi. Liliwataka wamwandikie mkuu wa shule kumwomba ruhusa ya siku tatu.

Nilijua habari hizo siku ya kusahihisha tu. Nilikuwa nimekwenda maabara na chaki zangu, nikamkuta mwalimu mle ndani na rundo la karatasi mezani, na kidato cha pili chote kimesimama. Walimu wetu wakikasirika hurudi kwenye Kiswahili, na kibao hakiwahusu; wanafunzi huwajibu kwa Kiingereza hivyohivyo.

"Njoo, njoo ndani," akaniambia. "Umekuja wakati mzuri. Sikiliza hizi."

Akasoma ya kwanza. Mpendwa mkuu wa shule, natumaini u mzima wa afya, mimi pia ni mzima. Ninakuarifu kwamba dada yangu anaolewa. Akasoma ya pili. Dada yangu anaolewa. Ya tatu. Ya kumi.

"Shule hii ina dada wangapi?" akauliza. "Na wote wanaolewa Jumamosi moja! Na ng'ombe ni mmoja! Pembe imevunjika kwenye karatasi zote, anachinjwa na kila baba!"

Hakuna aliyecheka. Akachomoa karatasi moja akamtazama kijana mmoja mrefu wa mstari wa nyuma, ambaye sauti yake imeshakuwa nzito na anacheza beki.

"Wewe. Soma hapa umeandika utavaa nini."

Kijana akasoma, polepole, kwamba siku hiyo atavaa gauni la njano lenye utepe kiunoni.

"Utapendeza," mwalimu akasema. "Na wewe wa duka la vitenge. Dada yako anafunga ndoa parokiani. Baba yako ana habari?"

"Hapana, mwalimu."

"Na urwagwa anajua?"

"Mwalimu, naomba tu asijue."

Hapo wachache walishindwa kujizuia. Mwalimu akapiga meza. Alisema huo ni wizi wa mtihani, darasa zima limeangalizia, isipokuwa karatasi moja. Na hiyo moja nayo ina mambo yake.

Ilikuwa ya mdogo wangu. Kwa kuwa barua ya harusi haikumkaa kichwani, alikuwa ameandika yake. Alimweleza mkuu kwamba mama yake anaumwa Lusahunga, miguu imevimba, na madereva hawajui kusubiri. Aliomba siku tatu. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa na barabara, akaongeza kwamba kama mkuu anaona tatu ni nyingi, basi ampe mbili na nusu, naye ataondoka mchana. Makosa yalijaa kama mchanga kwenye maharage. Lakini mwalimu alipoisoma alidhani ni barua halisi iliyochanganyika kwenye karatasi za mtihani kwa bahati mbaya, akampelekea mkuu wa shule. Mkuu akamwita mtoto asubuhi ile, akampa pole na ruhusa ya siku mbili na nusu.

"Ukamjibu nini?" mwalimu alimuuliza sasa mbele yetu.

"Nilimwambia mama ni mzima, mwalimu. Ilikuwa mtihani."

"Na yeye?"

"Akaninyang'anya karatasi ya ruhusa."

Mwalimu akairudisha karatasi kwenye rundo. Halafu akanigeukia mimi, kwa upole, kama mtu anayemgeukia mwenzake.

"Wewe umekaa nao. Nisaidie. Nani ameileta hii harusi? Akijitokeza, wengine nitawapa mtihani mwingine. Asipojitokeza, wote sifuri, na majina yanakwenda kwa mkuu."

Nikawatazama. Hakuna aliyenitazama. Nataka niandike hili sawasawa: walikuwa wengi, kila mmoja alijua, na kila mmoja aliangalia miguu yake mwenyewe. Hata kijana wa gauni la njano. Ila mdogo wangu alikuwa ananitazama. Barua yake haikuwa na wizi wowote. Lakini sifuri ya wote ingekuwa sifuri yake pia, na mkuu akishapelekewa jina la mtu anayerudia darasa, hasubiri mtihani wa taifa kumwambia aage.

Masikio yalipata moto. Nikafungua mdomo.

"Ni mimi," nikasema.

Ilitoka kwa sauti ambayo sijui ilikuwa imekaa wapi. Ilifika mpaka ukuta wa nyuma. Na ilitoka kwa Kiswahili.

Mvulana mmoja kwenye benchi la pembeni, aliyekuwa amevaa kibao tangu asubuhi na alishakata tamaa ya kumpata mtu, aliruka juu ya meza mbili. Kabla mwalimu hajasema neno, kamba ya katani ilikuwa shingoni mwangu. Mvulana akarudi kukaa, akashusha pumzi. Hapo ndipo darasa zima, na mwalimu pia, tuseme ukweli, walipocheka mpaka machozi.

"Dada yako huyo," mwalimu aliniuliza baadaye, akifuta macho, "yupo kweli?"

"Sina dada, mwalimu."

"Hata harusi hakuna?"

"Hakuna."

"Sasa naikumbuka hiyo barua. Nilikupa alama zote," akasema, kama mtu aliyegundua amekula karamu ya jirani asiye na shughuli. Akakusanya karatasi zake. Akaagiza kwamba harusi ile isisikike tena, na barua ziandikwe na wenye shida zao.

Jioni ile nilifagia madarasa yote. Mdogo wangu alibaki kunisaidia, ingawa hakuitwa.

"Dada," akasema kutoka chini ya dawati, "sauti unayo. Tatizo lako ulikuwa unaiwekea akiba."

Kuanzia kesho yake chaki nilikuwa nayo mimi, lakini mwendeshaji alikuwa yeye. Alipanga mabenchi yakawa Lusahunga. Nusu ya darasa walikuwa madereva, nusu wauzaji, kisha wanabadilishana. Dereva aliyeharibikiwa na gurudumu alilazimika kumwandikia tajiri wake barua ya kueleza. Muuzaji aliyelipwa kwa noti iliyochanika aliandika malalamiko. Mimi nilipewa nafasi ya dereva mgeni anayetaka chai isiyo na sukari, na siku ya kwanza nilipewa chai yenye sukari mara nne kwa sababu hakuna aliyenisikia. Siku ya tano nilisikika mpaka dawati la tatu. Wiki iliyofuata niligombana kuhusu samaki, nikashinda. Mwalimu alipita dirishani, akakuta kelele za soko zima, akasimama, akaondoka bila kumsifu mtu.

Nyumbani tuliendelea kumenya ndizi. Sasa yeye ndiye aliyesema, mimi nikaandika alivyosema, kisha tukanyoosha pamoja palipopinda. Zile wiki nilivaa kibao mara tatu. Anayeongea hunaswa, hakuna namna.

Siku ya mtihani wenyewe sisi wengine tulitakiwa kukaa mbali, kwa hiyo nilisubiri nje ya uzio upande wa migomba. Wa kwanza kutoka alikuwa kijana wa duka la vitenge. Aliponiona alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Dada! Dada, umetuua!"

"Nini?"

"Barua! Wametaka tumwalike rafiki kwenye harusi ya dada! Harusi ileile! Na mimi nilishaifuta kichwani, nimebakiwa na ng'ombe tu!"

Nikaketi chini kwenye nyasi. Wengine walitoka, wakicheka, wakilaumu, mmoja akasema nilikuwa nabii wakanitia kibao. Nilikuwa namtafuta mmoja tu. Yeye harusi hakuwahi kuijua tangu mwanzo. Nilimkataza Kiingereza chake, nikampa changu, kisha nikamnyang'anya na hicho.

Alitoka wa mwisho, akifunga kalamu taratibu.

"Umeandika nini?" nikamwuliza.

"Harusi. Si ndiyo waliyotaka?"

"Ya nani? Huna dada anayeolewa."

"Ninaye. Nimekuozesha."

"Umeniozesha?"

"Kwa dereva wa mbali, mpole, anayependa chai isiyo na sukari. Nilianza na mkwe, ili msomaji asiulize." Akanitajia sentensi yake ya mwisho, kwa Kiingereza kilichochechemea lakini kikafika: Njoo mapema, rafiki yangu, maana padre atamwuliza dada yangu kama amekubali, na ukikaa nyuma hutasikia jibu.

Sikujua nicheke au nimpige na mkoba. Nilimtazama tu, na yeye akadhani nimekasirika, akasema, "Ukitaka kuninunia siku tatu, naomba ziwe mbili na nusu."

Matokeo yalikuja shule zilipokuwa zinafunguliwa. Mwalimu alituonyesha kwenye simu yake, akisogeza kioo kwa kidole kimoja, nami nikakitazama kile kidole kuliko majina. Mdogo wangu amefaulu. Kiingereza amepata C. Nyingine ni D nyingi na alama nzuri ya Biolojia iliyomshangaza hata yeye, lakini anaingia kidato cha tatu.

Mama mdogo alikuja Jumapili iliyofuata, na sufuria ya samaki aliyoibeba mapajani njia nzima. Bibi alikuwa ameshamsimulia kila kitu kwa simu, kwa namna yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Nasikia umeolewa." Akanitazama juu mpaka chini. "Na mkwe wangu hajui hata sukari. Haya." Kisha akamwita binti yake, akamvuta, akamshika mashavu kwa mikono yake iliyokunjamana kwa maji ya sabuni. Mimi nikaangalia pembeni.

Tulipomaliza kula, mdogo wangu aliinuka akaanza kukusanya vyombo, kama ilivyo desturi yake. Mama yake akamnyang'anya.

"Lete hapa," akasema. "Sahani nitaosha mwenyewe."